Mafundi wa magari waache ramli, wapime kwanza

Lau daktari angempokea mgonjwa mlangoni, akamtupia jicho mara moja, kisha akaamuru ang'olewe figo. Na siku ya pili maumivu yasipopungua akaamuru ang'olewe na jino, na siku ya tatu abadilishiwe damu, jamaa za mgonjwa huyo wangepiga mayowe yakasikika hadi Bungeni. Lakini hivyo ndivyo magari yetu yanavyotibiwa kila uchao katika gereji nyingi za nchi hii, nasi wenye magari tunatoa pesa, tunashukuru na kwenda zetu.

Nayasema haya kwa uchungu wa mtu aliyeumwa na nyoka, ambaye sasa hushtuka akiona ung'ongo.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilikuwa nikirejea Nairobi kutoka Narok pamoja na jamaa yangu, tukiwa watu watano ndani ya gari dogo la Kijapani lililoundwa mwaka 1996. Tulipoipita Mai Mahiu na kuanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa, mbele kidogo ya kile kikanisa kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, injini ilianza kudhoofika. Nilikanyaga mafuta, nalo gari likazidi kulegea, likatetemeka, likazimika. Kila aijuaye barabara ile anajua kwamba ni nyembamba, kwamba upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni genge, na kwamba malori mazito huipanda na kuiteremka mchana na usiku. Jua lilikuwa linatua. Nilikata matawi nikayatandika barabarani kuwaonya madereva, nikawapandisha watoto juu ya ukingo, nikasimama pale nikihesabu malori yaliyotupita kwa upana wa kiganja. Baada ya nusu saa nilijaribu tena. Gari likawaka kama kwamba halikuwa na kisa chochote.

Kesho yake nililipeleka kwa fundi mmoja jijini. Hakunisikiliza hata dakika mbili. Alisema ni pampu ya petroli, nami nikanunua pampu kwa Sh6,500. Gari likaenda vizuri kwa siku tisa, kisha likazimika tena katika mlima. Safari hii ikawa ni plagi, Sh2,400. Halafu chujio la mafuta, Sh1,200. Halafu betri, Sh9,500, ingawa betri niliyokuwa nayo haikuwa imetimiza mwaka. Ukijumlisha na Sh7,000 za kazi ya mikono yake, nilikuwa nimetoa Sh26,600 na gari bado lilikuwa likizimika. Hatimaye fundi aliilaumu petroli, kwamba imechanganywa na mafuta ya taa. Nilipojaza tangi katika kituo kingine na ugonjwa usipoondoka, alinishauri niliuze gari lenyewe.

Katika siku zile zote sikumwona akishika kipimo cha aina yoyote.

Msomaji asidhani kwamba namwonea fundi huyu. Hata hila sidhani alikuwa nayo. Alikuwa akifanya alivyofundishwa: kukisia, kubadilisha, kungoja aone. Ramli hiyo ndiyo ninayoilalamikia, na hasa katika maradhi mawili ambayo hufanana sana katika magari makuukuu, yaani upungufu wa presha ya petroli na upungufu wa umeme.

Hebu tuutazame ugonjwa wenyewe. Gari la zamani lenye kabureta lilihitaji presha ndogo sana ya petroli, paundi chache tu kwa kila inchi ya mraba, na pampu yake mara nyingi ilisukumwa na injini yenyewe. Magari ya injekta, ambayo ndiyo yaliyojaa barabarani mwetu tangu soko la magari yaliyotumika lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni mambo mengine. Mengi ya miaka hiyo huhitaji presha ya kati ya paundi 30 na 45, na pampu yake ni mota ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi. Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi na rilei, husafiri kwa waya mwembamba hadi nyuma ya gari, huzungusha pampu, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia bati la bodi. Njia hiyo ikiwa na kasoro popote, pampu huzunguka polepole; na pampu ikizunguka polepole presha hupungua. Kwa hiyo ugonjwa unaoonekana kuwa wa petroli huenda ukawa ni wa umeme, na pampu inayolaumiwa haina hatia yoyote.

Ndiyo sababu pia gari la namna hiyo huenda vyema katika tambarare na kukushinda mlimani. Injini ikiwa imetulia hutumia mafuta kidogo, na mengi hurudi katika tangi, hata pampu iliyo hoi huonekana inatosha. Mlimani injini hudai mafuta mengi, na presha inayotakiwa huwa juu zaidi. Hapo pampu iliyonyimwa umeme hushindwa. Isitoshe, kiungo cha waya kilichoota kutu hupata joto kinapopitisha umeme kwa muda mrefu, na kwa kupata joto huzidi kuuzuia. Gari likipumzika, kiungo hupoa, nalo huwaka tena. Yule aliyekwama kule Mai Mahiu akaondoka baada ya nusu saa hakuondoka kwa muujiza.

Mtu aliyenifungulia macho ni mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati kando ya reli. Kabla ya kufungua boneti alinihoji kwa robo saa nzima. Gari huzimika likiwa baridi au likiwa moto? Hudhoofika polepole, au hukatika ghafla kama taa iliyozimwa? Aliniuliza pia kama nimewahi kuona jambo lolote geni katika taa. Hapo nikakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa, kila nilipokanyaga breki usiku, taa za nyuma zilikuwa hafifu na mshale wa kuonyesha petroli ulikuwa ukitikisika. Sikuwahi kumwambia fundi wa kwanza, naye hakuwahi kuniuliza. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Kisha alifanya kazi yake kwa utaratibu ambao ningependa kila mwenye gari auelewe. Kwanza aliitoa presha iliyokuwa katika mrija wa petroli ili isije ikamrukia, akahakikisha hapana moto wala sigara karibu, akafunga geji. Injini ikiwa imetulia, geji ilionyesha paundi 33, jambo ambalo halikuwa baya. Alipoung'oa ule mpira mwembamba unaotoka katika injini na kuingia kwenye kidhibiti cha presha, ili kuiiga hali ya mlimani, mshale ulipaswa kupanda hadi karibu 40. Uligota 34, kisha ukaanza kushuka. Aliunusa mpira ule. Haukuwa na petroli ndani yake, dalili kwamba kiwambo cha kidhibiti hakijapasuka. Akaubana kwa muda mfupi mrija unaorudisha mafuta katika tangi. Presha ilipaswa kuruka juu mara moja, lakini ilijikokota tu. Basi kosa lilikuwa upande wa pampu au wa chujio, na chujio tulijua ni jipya.

Hapa ndipo mpiga ramli angeniuzia pampu nyingine. Mzee aliweka geji chini akachukua mita ya umeme. Injini ikiwa inazunguka, betri ilikuwa na volti 14, kama inavyotakiwa. Kwenye pampu zilifika volti 10 na nusu. Volti 3 na nusu zilikuwa zimepotelea njiani, naye akaenda kuzitafuta. Aliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaoingia katika pampu. Ilipotea nusu volti tu. Aliweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya unaotoka katika pampu. Mita ilionyesha volti 3, mahali ambapo haikupaswa kuonyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti moja. Akafunua zulia la buti. Maji ya mvua yalikuwa yakivuja kupitia mpira wa taa ya nyuma, nayo yalikuwa yameiozesha skrubu moja inayoushikilia waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, waya uliotumiwa kwa pamoja na pampu, taa na mshale wa petroli.

Aliifungua skrubu, akaisugua kwa msasa pamoja na bati lake hadi vikang'aa, akaikaza, akapaka grisi. Volti zikapanda hadi 13 na nusu, presha ikapanda hadi 41. Alinitoza Sh1,500.

Lipo jambo moja aliloniambia ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Nilimuuliza kwa nini pampu mpya iliniponya kwa siku tisa. Alinieleza kwamba fundi wa kwanza alipokuwa akifunga pampu aliuvuta na kuutikisa ule waya, na mtikiso huo ukaikwangua kutu kidogo, umeme ukapita kwa muda. Kwa hiyo fundi yule aliamini kwa dhati kwamba ametibu, nami niliamini nimepona. Hapo ndipo penye hatari ya kubahatisha. Mara nyingine hufanikiwa kwa sababu isiyokuwa ile tunayoidhani, na mafanikio hayo ya uongo humfundisha fundi kosa ambalo atalirudia kwa wateja mia moja baada yangu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya imekwisha kupatikana, nayo ni mtambo wa kompyuta unaochomekwa chini ya usukani na kuyasoma makosa ya gari. Siupuuzi mtambo huo. Lakini magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 hayaelewani nao. Baadhi yake hutoa siri zake kwa kumetameta taa ya injini tu, fundi akijua vituo viwili vya kuunganisha kwa kipande cha waya. Na hata pale mtambo unapoelewana na gari, katika magari mengi ya injekta za kawaida hakuna chombo chochote kinachopima presha ya petroli na kuiarifu kompyuta. Mtambo utasema tu kwamba mchanganyiko wa injini una hewa nyingi kuliko mafuta. Huko ni kusema kwamba mgonjwa ana homa. Kama homa hiyo ni ya malaria au ya kidonda, sharti mtu apime. Nimewaona watu waliouziwa vihisio vya hewa na vya moshi kwa sababu ya herufi na tarakimu zilizotokea katika kioo cha mtambo, ilhali ugonjwa ulikuwa katika waya wa kutu.

Wapo pia watakaosema kwamba nawaonea mafundi wa jua kali, watu wanaokula kwa jasho na wasio na uwezo wa kununua vifaa. Hoja hii ina uzito, nami naiheshimu. Geji ya presha na mita nzuri ya umeme si vitu vya bei ya nyanya. Lakini tujiulize ni kwa nini fundi haoni faida ya kuvinunua. Jibu halipendezi: ni kwa sababu sisi wateja tunakataa kulipia kupimwa. Tunalipa bila ya kunung'unika Sh6,500 za pampu kwa kuwa pampu tunaiona na kuishika, kisha tunamtukana fundi anayetaka Sh1,000 kwa saa moja ya kutafuta ukweli, eti hakubadilisha kitu. Kwa mteja wa namna hiyo, fundi anayekisia hupata riziki kuliko anayepima. Ramli ya gereji ina wapigaji, lakini ina na wanunuzi, nami nilikuwa mmoja wao.

Na gharama yake si ya mtu mmoja. Sheria yetu hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, lakini gari likishaingia huishi humu miongo na miongo, likihama kutoka mkono hadi mkono. Anayelimiliki mwishoni aghalabu ni mtu wa kipato kidogo: mwalimu, mchuuzi, mkulima anayebeba maziwa alfajiri. Huyu ndiye anayeuziwa betri asiyoihitaji kwa pesa za karo. Huyu ndiye anayeliuza gari zima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya skrubu yenye kutu, akamwachia faida mjanja anayejua kupima. Na huyu ndiye atakayezimikiwa na gari gizani penye kona, lori likimjia nyuma. Kila fundi anayemrudishia mtu gari ambalo hana hakika nalo anamtuma barabarani na hatari hiyo.

Nini basi kifanyike?

Sisi wenye magari ndio wa kuanza. Tuzoee kuafikiana na fundi bei ya uchunguzi peke yake, kabla ya kutaja kipuri chochote, na tuilipe kwa moyo mweupe hata kama matokeo yake ni skrubu moja. Kabla ya kwenda Grogan au kwingineko kutafuta pampu, tudai tuambiwe tarakimu mbili: presha ni paundi ngapi, na pampu inapata volti ngapi. Fundi asiyeweza kutaja tarakimu hizo hajajua bado kama pampu ni mbovu. Tudai pia tupewe kipuri cha zamani mkononi. Na tuwe wakweli kwa mafundi wetu: tueleze taa zinavyofifia, gari linavyokohoa na saa linapokohoa, kama mgonjwa amwelezavyo daktari. Sishauri mtu asiye na ujuzi afungue mwenyewe mirija ya petroli. Petroli yenye presha haina msamaha. Lakini kuuliza hakuhitaji ujuzi.

Mafundi nao wasinielewe vibaya. Walio chini ya mwembe mmoja au katika uwanja mmoja wanaweza kuungana katika chama chao, kama wafanyavyo kwa mazishi na harusi, wakanunua geji moja na mita mbili za kutumia kwa zamu. Fundi anayeweza kumwonyesha mteja mshale ukipanda hana haja ya kuapa.

Serikali haina udhuru pia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwatahini mafundi kwa madaraja matatu, la tatu hadi la kwanza. Ningependa mtihani huo uwe na gari moja lililotiwa kasoro ya siri, na mtahiniwa atakiwe kuieleza kwa vipimo kabla ya kuruhusiwa kugusa spana. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Kaunti zinazojivunia kuwajengea watu wa jua kali vibanda vya mabati ziweke ndani ya vibanda hivyo kabati la vifaa vya kupimia. Kibanda humkinga fundi na jua, lakini hakimwonyeshi volti zinapopotelea.

Gari langu bado linatembea. Mara kadhaa tangu siku ile nimeukwea ukingo ule wa Mai Mahiu, na kila nikipita kile kikanisa hupunguza sauti ya redio nikaisikiliza injini. Katika kijisanduku cha gari nimeiweka ile skrubu niliyoibadilisha baadaye kwa mpya, nyekundu kwa kutu, ndogo kuliko kifundo cha kidole changu cha mwisho. Kila fundi mpya anapotaka kuniuzia kitu kabla ya kupima, huitoa nikamwekea kiganjani, nikamwambia bei yake: shilingi elfu ishirini na sita na mia sita, pamoja na jioni moja ya matawi barabarani.